Pikapu Inayopiga Magoti

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta umeshika spana au kijiko, lakini pokea salamu kwanza, kazi itafuata. Huku tupo. Paa la gereji lilivuja msimu uliopita, nimeliziba mwenyewe. Mama hajambo. Paka wake amezaa ndani ya boksi la vichujio vya mafuta, na sasa siruhusiwi kuligusa.

Nilijaribu kukupigia. Namba yako siku hizi anaipokea mwanamke muuza nguo, na amenitukana vya kutosha. Kama umebadili namba, hukuniambia.

Nina mteja. Ana pikapu ya zamani, ya ile aina yenye mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele kila upande, wa juu mfupi na wa chini mrefu. Anataka iwe chini, na ikisimama iweze kushuka zaidi. Nimetoa springi zote, nikaweka mifuko ya hewa, na kompresa ya kuijaza nikaificha nyuma ya kiti. Ukibonyeza swichi inapiga magoti mpaka tumbo linakaribia kugusa sakafu. Ukibonyeza tena inasimama. Hapo kazi yangu niliipenda mwenyewe.

Shida ni kutembea. Magurudumu ya mbele yameinamiana vichwa kama watu wanaosengenya. Tairi zinalika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana, wakati upande wa nje ungedhani zimetoka dukani jana. Na ikipita kwenye shimo, usukani unajiamulia. Jamaa wa alaimenti, anayenyoosha magurudumu, amekaza skrubu zake zote mpaka mwisho, kisha akaniambia niende salama.

Nisaidie, Mjomba. Hii ni kazi yako, siyo yangu.

Mpwa wako,
Cheche

2 Machi

Cheche,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama mtu anayekimbizwa. Mimi nipo. Mgongo unalalamika, nami simsikilizi mtu yeyote siku hizi, hata mgongo. Simu niliigawa. Ilinichosha. Karatasi inatosha, haikatiki katikati ya maneno.

Msalimie mama yako. Mwambie paka ana haki yake.

Kuhusu mteja wako, jibu langu ni fupi. Toa mifuko, rudisha springi, mwambie akanunue rangi au taa kama anatafuta kutazamwa. Nimetumia maisha yangu kurekebisha magari yaliyoharibiwa na barabara. Sina hamu ya kurekebisha magari yaliyoharibiwa na wenyewe kwa makusudi. Vijana wanataka gari litambae kama mjusi, halafu wanashangaa linapoingia mtaroni. Baba yako, Mungu amrehemu, angekucheka.

Usikasirike. Ukiwa na kazi ya maana, niandikie.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimekasirika kidogo, kisha nikapika, kisha nikakaa kuandika. Vitoto vya paka vimefumbua macho. Mama anakusalimu.

Mteja wangu si kijana, wala hatafuti kutazamwa. Ni mtu mzima ambaye miguu yake imevimba na haimtii. Hawezi kupanda gari la kawaida. Tulijaribu stuli, tulijaribu ngazi, tulijaribu kumbeba, na kubebwa kulimuumiza moyo kuliko miguu. Pikapu hii ikipiga magoti, anageuka, anakaa kitini kama anavyokaa kitandani, anavuta miguu ndani, basi. Kisha gari linasimama naye. Hilo ndilo analolitaka, na safari zake haziwezi kusubiri.

Juzi nilimwendesha. Tulipita tuta dogo karibu na ukuta wa shule, na mbele ilipoinama gari likavuta kushoto kama limeitwa. Nilirudisha usukani kwa nguvu zote. Kioo cha pembeni kilibaki ukutani. Yeye hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Limefanya nini?" Ningemwambia nini?

Cheche

20 Aprili

Cheche,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Sasa sikiliza jambo hili kutoka kwangu.

Gari likitoka kiwandani ile mikono hukaa karibu usawa na ardhi. Wewe umeshusha chasisi kwa kupunguza upepo, lakini gurudumu limebaki pale lilipo, juu ya barabara. Kwa hiyo ncha za nje za mikono zimeelekea juu, kama mtu aliyekutana na askari akaambiwa "mikono juu!" Mkono wa juu ni mfupi. Ukipanda, unachora duara dogo na kuvuta kichwa cha gurudumu ndani. Ndiyo maana yanasengenya.

Usukani kujiamulia ni ugonjwa wa pili. Tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ina duara lake, mkono wa chini una lake. Gari likiwa kwenye kimo chake, maduara hayo yanakubaliana. Ukilishusha, yanagombana. Gurudumu likipanda kidogo tu, tairodi inalisukuma au inalivuta, na gari linakwenda ambako hukuliambia liende. Alaimenti haiwezi kutibu hilo, kwa sababu yenyewe inapima gari likiwa limesimama tuli.

Dawa yake: usilishushe kwa mikono. Lishushe kwa kile chuma kinachobeba gurudumu. Ile ekseli yake fupi ikihamishiwa juu, gari linashuka lakini mikono inabaki usawa, kama lilivyozaliwa. Upepo utakuwa wa kupiga magoti tu, siyo wa kutembelea. Ukitaka kuondoka, inua mpaka kimo cha safari, ndipo utoe gari.

Na usije ukakata chuma hicho ukachomelea. Najua mkono wako, sina shaka nao, lakini hapo ndipo uzito wote unapokaa. Kikikatika njiani, gurudumu litawapita mbele. Nitakukerezea vipya kutoka kipande kizima. Nipe vipimo vya boljointi za ncha za mikono, matundu ya breki, na umbali wa mkono wa juu na wa chini.

Nina swali, nauliza tu. Hiyo pikapu bodi yake ya nyuma ina kiraka upande wa kushoto, chenye umbo la pasi?

Na mama yako. Anatembea?

Mjomba wako

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Vipimo vipo kwenye karatasi ya pili, nimevichora mara mbili ili usininung'unikie mwandiko.

Mama anatembea ndani ya nyumba.

Kiraka kipo. Pikapu nyingi zina viraka.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika hapo pa "mikono juu" alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Msiba wa baba yako alipigiwa simu. Mimi mwenyewe nilimpigia. Aliitikia vizuri, akaniambia 'haya dada,' akakata. Nilimsubiri mpaka watu wakatawanyika. Hakuja, wala hakuuliza. Leo ana kurasa nzima za kuandika kwa ajili ya pikapu?"

Sijui kama wewe unalo jibu. Hakuniambia nikuandikie hili, ila nimechoka kukaa katikati yenu kama bushi, ile raba ya kati ya vyuma viwili, kila mmoja ananibana upande wake.

Ukivikereza, dereva wa lori anayeleta mabati kwetu hupita huko. Nitamwelekeza kwako.

Cheche

17 Juni

Cheche,

Marahaba. Vyuma viko tayari, viwili, kulia na kushoto. Nimevipiga alama, usivichanganye. Nimekaa navyo mashineni kwa utulivu kuliko kazi yoyote niliyoifanya mwaka huu.

Ukivifunga, usikimbilie barabarani. Inua mbele, toa mfuko upande mmoja, weka jeki chini ya mkono wa chini. Funga ubao mnyoofu pale gurudumu linapokaa. Pandisha jeki kidogo kidogo, na kila hatua pima ncha ya mbele na ncha ya nyuma ya ubao kutoka kwenye kamba uliyoifunga pembeni. Vipimo vikitofautiana, ongeza au punguza vishimu, vile vibati vyembamba, kwenye kichwa cha tairodi mpaka ubao upande na kushuka bila kugeuza shingo. Fanya na upande wa pili. Baada ya hapo ndipo umpelekee jamaa wa alaimenti, gari likiwa kwenye kimo cha safari, na mtu mwenye uzito wa mteja wako akiwa kitini.

Hilo la mama yako, niache kwanza.

Mwendeshe polepole mteja wako.

Mjomba wako

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Dereva wa lori alivishusha salama, vimefungwa kwenye gunia kama watoto wachanga. Nimevifunga. Siku ya ubao ilikuwa ndefu. Upande wa kulia ulikubali mapema, wa kushoto ulinigomea mpaka nikataka kuupiga nyundo, kisha shimu moja nyembamba ikamaliza ubishi. Ubao ukapanda na kushuka umenyooka. Nilikaa chini nikautazama tu.

Sasa niseme ninayotakiwa kusema. Pikapu ni ya Baba, na uliijua tangu ulipouliza kiraka, kwa sababu ni wewe uliyekipiga. Mteja ni Mama. Figo zake zimeshindwa. Ninampeleka hospitali kusafishwa damu kila wiki, tena na tena. Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Akija, aje kwa sababu anataka, siyo kwa sababu nakufa." Nikatii. Nikakuandikia habari za mteja, ukanijibu habari za mijusi, na wiki zikapita hivyo.

Jana tulipita palepale kwenye tuta, karibu na ukuta wa shule. Nilishika usukani kwa mikono miwili, meno nimeyauma. Gari likainama, likainuka, likaenda mbele. Basi. Mama akasema, "Mbona umekunja uso hivyo?"

Na jambo jingine. Dereva wa lori amerudi na maneno. Amesema alipiga honi nyuma yako, karibu kabisa, ukaendelea kukereza. Amesema alipokugusa bega uliruka, na alipokuwa anaongea ulimtazama mdomo, hukumtazama macho. Akaniuliza, "Mjomba wako tangu lini hasikii?"

Tangu lini, Mjomba?

Nilimwambia Mama. Alikuwa anakunja khanga, akaacha. Akasema, "Kwa hiyo siku ile alisema 'haya dada' kwa kuwa hakujua ninasema nini. Na mimi miaka yote hii nimemnunia mtu ambaye hakusikia hata neno." Akacheka, halafu kicheko kikageuka, nikatoka nje nimwache.

Amesema uje. Sasa ni yeye anayesema, siyo mimi. Usikae kutafuta nguo nzuri. Njoo.

Cheche

29 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hakuna jibu lako. Labda barua zimepishana.

Mama amelazwa, wameniambia ni kwa uangalizi. Anauliza kila anaposikia mlango. Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo.

Cheche

24 Agosti

Dada yangu, na wewe Cheche,

Leo nimeandika kwa watu wawili, mnisomee pamoja.

Nimezipata barua zenu mbili kwa mpigo mmoja. Cheche, sikukuambia kwamba pale gereji unakonitumia barua niliondolewa kazini mwezi ule ule wa Juni, siku chache baada ya lori kuondoka. Kijana mmoja alinipigia kelele kwamba jeki inateleza, sikusikia. Hakuumia mtu, lakini mwenye gereji alisema hawezi kulala akiwaza. Alikuwa na haki. Niliona aibu kukuandikia kwamba fundi aliyekuwa anakufundisha anafukuzwa kwa masikio yake. Nikahamia kwa jamaa mwenye mashine ya kukereza mwisho wa mji. Leo ndiyo nimerudi kuchukua vifaa vyangu vilivyobaki, nikakuta karani amezitia barua zangu ndani ya droo pamoja na vocha, hata hazijafunguliwa.

Dada, ni kweli. Masikio yalianza kuondoka kidogo kidogo, sauti za wanawake ndizo zilitangulia. Siku uliyonipigia nilisikia mvumo tu. Nikadhani unanisalimu. Nikakata simu, nikafurahi kwamba umenikumbuka. Habari ya shemeji niliipata baada ya miezi kwa mtu mwingine, na hapo nikashindwa kupata mlango wa kuingilia. Kila siku iliyopita iliuongezea mlango huo kufuli.

Nitakuwa na wewe Jumamosi hii. Usiongee nami haraka, unitazame ukiongea, nami nitakutazama. Ukiwa na hasira bado, nitukane taratibu nikuelewe. Nimeshona suruali.

Mdogo wako

5 Oktoba

Cheche,

Nimefika salama, nimepokelewa na vumbi. Chumba kiko kama nilivyokiacha, isipokuwa mwenye nyumba amehamisha pipa la maji. Asante kwa viazi, nimevila vyote. Asante pia kwa uvumilivu wa kuniandikia kila kitu juu ya meza, mpaka penseli ikaisha.

Kuna jambo sikuweza kulieleza tukiwa pamoja, kwa sababu ukinitazama nashindwa.

Jumamosi ile nilishuka kwenye basi nikatembea mpaka kwenu. Nilipofika nje ya lango niliona pikapu imesimama, nikaogopa kuingia ndani. Nikaona afadhali nianze na gari. Nikatandika koti langu, nikalala chini yake, nikaitazama kazi yako. Mikono imekaa usawa, tairodi imelingana na mkono wa chini, kila nati ina pini yake. Nilijisikia mtu. Nikawa napanga nitamwambia nini dada, nianze na mzaha gani.

Ndipo nikaona miguu yako, nikatoka. Ulikuwa unaongea. Jua lilikuwa nyuma yako, sikuuona mdomo. Niliona mkono wako umeshika bodi ya gari, nikadhani unaniuliza kuhusu kazi. Ndiyo maana nilikuchekea. Ndiyo maana nilikujibu, "Nimeona, mmeifunga vizuri, mama yako atafaidi."

Ulinitazama, kisha ukainama, ukaandika kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa pikapu kwamba tumemzika tarehe kumi na mbili.

Nataka ujue kwamba sikukucheka. Kila nikikumbuka uso wako, hilo ndilo linalonitoa usingizini. Kama ningemwambia mtu mmoja tu, mapema, kwamba sisikii, dada yangu angenipa msiba wa mume wake kwa maandishi, ningekuja, na mengine yote yasingekuwapo. Kitu kidogo hivyo. Watu wanavaa miwani na hakuna anayeona aibu.

Sikuombi uniambie kwamba si kosa langu. Nakuomba jingine. Wakati ule wote tulipokuwa mezani, kila nilipouliza siku zake za mwisho uliandika "alikuwa mtulivu", ukageuza karatasi. Wewe si mtu wa maneno mawili. Kuna kitu umekiacha. Niandikie, hata kama kitaniuma.

Mjomba wako

27 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Nilijua hukunicheka. Nilijua palepale. Kilichoniuma ni kwamba ilinibidi nilitamke mara ya pili, na safari hiyo kwa kidole.

Dereva wa lori alikuwa safari nyingine wiki ile ya mazishi, vinginevyo ningemtuma akutafute mji mzima. Nakuandikia hili kwa sababu nimelifikiria mara nyingi vilevile.

Umeniuliza nilichoacha. Nilikiacha kwa sababu nilikuona unavyosinzia kitini na kushtuka, nikasema asibebe na hiki. Lakini na mimi nilinyamaza sana mwaka huu kwa kutii na kwa kuhurumia, na unaona tulikofika. Basi chukua.

Ile barua ya Julai, inayosema uje, ile uliyoikuta kwenye droo, niliiandika mimi, lakini sikuipeleka posta. Tulikuwa tunatoka hospitali. Mama huwa anatoka pale amechoka hata kichwa hakishiki. Tulipokaribia posta akanigusa mkono, akasema, "Simama hapa. Nitaitia mwenyewe." Nikamwambia Mama, mimi nitashuka mara moja tu. Akasema, "Wewe umeandika. Niachie na mimi sehemu yangu."

Nikabonyeza swichi. Gari likapiga magoti pembezoni mwa barabara, watu wakasimama kutazama. Alitoa mguu mmoja, akapumzika, akatoa wa pili. Hakutaka nimshike. Mwezi mzima hakuwa ametembea nje ya nyumba bila kushikwa, lakini pale alitembea, mkono ukutani, mpaka kwenye sanduku la barua. Akaitia bahasha. Aliisukuma kwa kidole mpaka akahakikisha imedondoka.

Halafu hakugeuka. Alibaki ameshika ukingo wa sanduku lile, kana kwamba jibu lingetoka humo humo. Nikamfuata, nikamwambia, "Twende, Mama, jua kali."

Akasema, "Ngoja kidogo."

Mpwa wako,
Cheche